UZI: Natafuta rejeta ya injini ya zamani ya jenereta (Perkins 4.236), niko Nairobi

Randa na Msumeno (mwenye uzi)

Wadau, naomba msaada. Nina karakana ya mbao karibu na barabara ya Lunga Lunga, Industrial Area. Stima ikipotea tunaendesha mashine kwa jenereta ya zamani. Injini ni Perkins 4.236, dizeli, silinda 4, lita 3.86. Bamba la namba bado lipo na namba inaanza na LD. Injini yenyewe sina ugomvi nayo. Asubuhi inashika mara moja, haitoi moshi, hainywi oili. Marehemu baba aliinunua ikiwa tayari imetumika, na mlio wake nimekua nao.

Tatizo ni rejeta. Imelehemiwa mara nyingi hadi tangi la chini ni kiraka juu ya kiraka, na sasa inavuja katikati, penye mirija, mahali ambapo fundi hafikii bila kukata mapezi, yale mabati membamba yaliyo kati ya mirija. Wiki jana tuliwasha msumeno mkubwa na randa kwa pamoja, geji ikapanda hadi kwenye alama nyekundu. Nikazima.

Nimezunguka siku tatu. Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, kila duka nikitaja Perkins 4.236 wanajibu ipo, kisha wananitolea rejeta ya trekta. Duka moja waliniuzia ya lori, ya mitumba, wakaapa itaingia. Haikuingia. Mdomo wa juu uko upande usio wake, mirija yake imelala badala ya kusimama, na matangi ni ya plastiki. Nimerudi nayo, wamekataa kunirudishia pesa. Imekaa hapa inanitazama.

Naulizia wapi Nairobi nitapata rejeta yenyewe ya injini hii? Au nikubali tu kununua jenereta nyingine?

Fundi wa Risasi

Pole sana, mzee wangu. Kazi yangu ni kulehemu rejeta na nimeifanya tangu ujanani, kwa hiyo nisikilize kidogo kabla hujatoa shilingi nyingine.

Kinachokupoteza ni swali unaloingia nalo dukani. Perkins wa Peterborough walitengeneza injini. Hiyo 4.236 ilianza kuuzwa mwaka 1964 na ikaenda kila mahali: kwenye matrekta, mashine za kuvunia ngano, foklifti, kompresa, hata mashua. Rejeta haikufanana huko kote. Ya jenereta iliwekwa na yule aliyefunga injini na dainamo juu ya fremu moja, na huyo alichagua rejeta kulingana na mzigo na nafasi aliyokuwa nayo. Ndiyo maana ukitaja jina la injini, muuzaji anakuletea ile anayoijua yeye, ya trekta. Hakudanganyi kwa hilo. Wewe umemtajia jina, naye anauza kwa jina.

Rejeta ya mashine ya namna hii inatafutwa kwa tepu ya kupimia. Na sehemu unayotafuta ni kori peke yake, lile tumbo la mirija na mapezi. Matangi ya juu na chini, mabano ya pembeni na midomo ya mipira ya maji tayari unavyo. Kama ni shaba ya manjano, vinafunguka kwa moto na vinarudi kwa risasi ya kulehemu. Je, ni shaba au ni chuma? Kwaruza rangi kidogo utuambie.

Nakuomba jambo moja: usiuze hiyo ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watakuja, kwa sababu shaba ina bei. Mwaka 2022 serikali ilipositisha biashara ya vyuma chakavu kuanzia Januari hadi Mei, rejeta kuukuu zilirundikana kwangu, na nilipata matangi mazuri ajabu ya mashine ambazo leo huwezi kuzipatia kitu. Biashara iliporuhusiwa yakaondoka yote. Ukishauza matangi yako, hapo ndipo utakapohitaji jenereta nyingine.

Mkulima wa Molo

Habari ya jioni wadau. Mimi nina Massey Ferguson 290, injini yake ni 4.248, ndugu wa karibu wa hiyo 4.236. Rejeta mpya ya trekta inapatikana kwa urahisi na si ghali. Kwa nini asiifunge tu na kutengeneza mabano? Maji ni maji.

Fundi wa Risasi

Mkulima, umeuliza vizuri, maana wengi hufanya hivyo na miezi miwili baadaye wanarudi.

Angalia feni. Ya trekta inavuta: hewa baridi inaingia kwa mbele, inapita kwenye rejeta, ndipo inafika kwenye injini. Ya jenereta, mara nyingi, inasukuma. Hewa inatoka upande wa dainamo, inapita ubavuni mwa injini iliyo moto, kisha feni inaisukumiza nje kupitia rejeta. Kwa hiyo inafika kwenye rejeta ikiwa imeshapata joto, na kwa sababu hiyo aliyeiunda aliweka kori pana zaidi na feni kubwa zaidi. Ukileta rejeta nyembamba ya trekta, ncha za feni zinapita nje ya kori na zinapuliza hewa ukutani.

Kuna na watu wanaogeuza feni mbele nyuma wakidhani hewa itageuka. Haigeuki. Hewa inabaki kwenda kule kule, ila sasa mgongo wa pangaboi ndio unaofanya kazi ya tumbo na nguvu inapungua sana. Kugeuza hewa ni mpaka feni izunguke kinyume au ununue yenye mapanga yaliyopinda upande wa pili.

Halafu, trekta shambani hubadilisha mzigo kila dakika, mara inalima, mara inageuka mwisho wa shamba. Jenereta ya hezi 50 yenye dainamo ya poli 4, yaani ncha nne za sumaku, inakaa kwenye mizunguko 1500 kwa dakika saa zote, mzigo begani, haijui kupumzika.

Baharia wa Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni fundi wa injini za vyombo vya baharini. 4.236 za mashua hazina rejeta kabisa, zinapozwa kwa maji ya bahari kupitia mtungi wa mirija, kwa hiyo huko sitamsaidia.

Ila kuna kitu ndugu zangu wa bara hukisahau. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu maji yanachemka kwa nyuzi 100. Kwenu yanachemka kwa kama 94. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta, kwa kuwa kinabana maji yasichemke mapema. Kifuniko cha 7, yaani paundi 7 kwa inchi ya mraba, kinapandisha kiwango hicho Nairobi hadi kama nyuzi 107. Kikilegea springi au mpira wake ukikauka, unarudi kwenye 94, na injini yenye themostati ya 82, yaani vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakifika nyuzi 82, inabakiwa na nafasi ndogo mno.

Isitoshe, hewa yenu ni nyepesi, takriban moja ya sita pungufu ya hewa ya pwani. Feni inazunguka vile vile lakini inabeba hewa kidogo. Rejeta inayotosha Mombasa kwa shida haitatosha Nairobi. (Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kushindilia hewa, nayo inapoteza nguvu huko juu, kwa hiyo usidai kilowati zote zilizoandikwa kwenye bamba.)

Mzee wa Randa, kifuniko chako kina umri gani?

Randa na Msumeno

Asanteni, kwa kweli sikutarajia majibu ya namna hii. Nimekwaruza: matangi yote mawili ni shaba ya manjano. Feni inasukuma, nimeshika karatasi mbele ya rejeta ikapeperuka kuelekea nje. Kifuniko sijawahi kukibadilisha. Mpira wake umekuwa mgumu kama kwato.

Kijana wa Kariobangi

Mzee, shikamoo. Mimi niko Kariobangi Light Industries, tunachomea alumini. Shaba ni mambo ya zamani. Tunaweza kukuundia rejeta nzima ya alumini kwa vipimo vyako, nyepesi, na inapoza vizuri. Usihangaike na viraka.

Fundi wa Risasi

Kijana, marahaba kwa niaba yake, na kazi yenu naiheshimu. Alumini nzuri ipo. Lakini jenereta inatetemeka kutwa. Shaba ikipata ufa, fundi yeyote wa mtaani anaulehemu kwa risasi na kazi inaendelea jioni ile ile. Alumini inataka mchomeaji hodari na gesi yake, na pale kwenye mirija myembamba hata hodari hujuta. Halafu alumini haivumilii maji matupu ya bomba. Bila dawa ya kuzuia kutu inaliwa kutoka ndani, hasa ikikutana na injini ya chuma ambayo miaka yote imekunywa maji ya kisima.

Kama angekuwa hana matangi, ningemtuma kwako leo. Anayo.

Kijana wa Kariobangi

Nimekuelewa, mzee. Ya kukosa dawa ni kweli, tumerudishiwa mbili zilizoliwa hivyo.

Mama Kisima

Hamjambo. Mimi hutunza pampu na jenereta za visima upande wa Ruai na Kamulu. Naomba niwasimamishe kidogo, maana mnamnunulia mtu dawa kabla ya kumpima.

Rejeta kuvuja tumeiona. Kupanda kwa geji huenda ni jambo jingine. Kaka, fanya haya kabla hujafungua boliti. Injini ikiwa baridi kabisa, toa kifuniko, jaza maji, washa, tazama mdomoni. Ukiona mapovu yasiyokoma ilhali maji bado baridi, gesi inapita kwenye gaskiti ya hedi, na rejeta mpya haitakusaidia. Ukiona pametulia, subiri ipate moto, zima, kisha pitisha kiganja polepole usoni mwa rejeta, au tumia kipimajoto cha kulenga kama unacho. Palipo baridi katikati ya moto, mirija imeziba. Angalia mkanda wa feni pia. Ukibonyeza ukazama sana, unateleza.

Sasa lile linalonihangaisha zaidi. Umesema karakana ya mbao. Feni yako inasukuma. Ina maana inakula hewa ya ndani ya karakana, yenye unga wa msumeno, na kuisukumia kwenye rejeta kutoka upande wa ndani. Wewe ukisimama nje unaona mapezi safi, unaridhika. Uchafu uko upande wa feni, nyuma ya kava, usikoona. Fungua kava utazame kwa tochi. Mimi nimekuta manyoya ya kuku yamesokotana mle kama godoro.

Na hewa moto ikitoka inaenda wapi? Tundu la ukutani lisiwe dogo kuliko uso wa rejeta.

Randa na Msumeno

Dada, Mungu akubariki. Nimefungua kava leo mchana vijana walipoenda kula. Unga wa mbao umeshikana na mvuke wa oili ukawa kama blanketi, theluthi nzima ya upande wa chini. Nimeung'oa kwa vidole, vipande vizima. Mapovu hakuna, nimetazama dakika kumi. Mkanda uko sawa.

Na tundu la ukutani... jirani alijenga ukuta wa mabati mwaka jana, hatua mbili kutoka kwenye tundu letu. Hewa moto inagonga mabati na kurudi ndani kupitia mlango wa kando. Nimesimama pale nikahisi usoni kama nimefungua jiko la mkate. Miezi yote hii nilikuwa nailaumu rejeta.

Hata hivyo inavuja, na inavuja mirija sita au saba. Kwa hiyo kori bado nahitaji. Fundi, nipime nini?

Fundi wa Risasi

Chukua kalamu.

Pima kimo cha kori kutoka bamba la juu hadi bamba la chini, pale mirija inapoingilia, bila kuhesabu matangi. Pima upana wake, kisha unene kutoka mbele hadi nyuma. Hesabu safu za mirija ukitazama kwa ubavu: ni tatu, nne? Kipenyo cha midomo ya juu na chini, nje kwa nje. Umbali wa matundu ya boliti kwenye mabano. Mwisho chukua rula ya inchi, ilaze kwenye mapezi, uhesabu yako mangapi ndani ya inchi moja.

Hiyo hesabu ya mwisho ndiyo nataka uielewe kuliko zote. Watakwambia mapezi mengi yanapoza zaidi. Kwenye gari la barabarani, sawa. Kwenye karakana ya mbao mapezi yaliyosongamana ni chujio la unga, yataziba kabla ya mwezi kuisha. Afadhali mapezi 8 au 9 kwa inchi, yaliyonyooka, yasiyo na vijikato, halafu ufidie kwa kuongeza safu moja ya mirija kama nafasi ya kava inaruhusu. Na mirija ipangwe mmoja nyuma ya mwingine, isipishane, ili upepo wa kusafishia upite moja kwa moja.

Kabla ya kuja, toa themostati na usafishe ndani ya injini kwa maji mengi. Ukoko wa miaka yote uko kwenye bloku, ukifunga kori mpya bila kuusafisha utahamia humo. Asidi kali usiiguse. Inakula risasi ya maungio.

Utakapompata fundi wa kuifunga, dai jambo moja ukiwa umesimama pale: midomo izibwe, itiwe upepo wa paundi 10, izamishwe kwenye pipa la maji mbele ya macho yako. Povu hata moja, irudi mezani. Anayekwambia njoo kesho utakuta tayari, huyo mwache.

Mkulima wa Molo

Hii ya mapezi nimeiandika ukutani. Trekta langu linaziba makapi ya ngano kila msimu.

Baharia wa Kilindini

Nyongeza: baada ya kufunga, asitie maji ya kisima. Maji ya mvua au yaliyotoneshwa, na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mtungi. Nairobi hakuna barafu ya kuogopa, lakini dawa ya kutu iliyo ndani ya kulanti ndiyo tunayoitaka, na ukiipunguza chini ya kipimo haikulindi. Usiimwage ovyo. Ina utamu, mbwa na watoto huilamba, na ni sumu.

Randa na Msumeno

MREJESHO.

Samahani kwa kukaa kimya majuma mawili. Niliandika vipimo vyote kwenye kipande cha plaiwudi na kutembea nacho. Sikutaja jina la injini mahali popote. Nilisema tu nataka kori ya shaba, kimo hiki, upana huu, safu nne, mapezi mapana. Duka la tatu, barabara ile ile ya Kirinyaga niliyozunguka siku tatu bure, mzee mmoja alipanda ngazi akashuka na kori iliyofunikwa gazeti. Ilizidi kimo kwa sentimita mbili na upana ulikuwa sawasawa. Bei haikufika nusu ya rejeta nzima ya mitumba niliyokuwa nimeuziwa.

Fundi aliyeifunga alipandisha bano la juu kwa zile sentimita mbili. Alifungua matangi yangu, akatoa viraka vyote vya tangi la chini, akakata shaba mpya na kulitengenezea sakafu nzima. Niliona pipa kwa macho yangu. Povu moja lilitokea kona ya kushoto. Akaitoa, akairudia, akazamisha tena hadi maji yakatulia.

Nimebadilisha kifuniko, mipira yote miwili ya maji na raba za miguu ya rejeta, zilizokuwa zimekwisha kabisa. Nadhani mtetemo wa pale ndio uliopasua mirija. Ukuta wa jirani siwezi kuubomoa, lakini tulizungumza naye vizuri, na nimejenga mdomo wa bati kutoka kwenye rejeta unaotupa hewa juu, ikapita paa lake. Kwenye tundu la kuingizia hewa nimeweka wavu mwembamba, kijana mmoja anaukung'uta kila jioni.

Jana stima ilipotea saa nne asubuhi ikarudi saa nane. Msumeno mkubwa na randa, vyote viwili, saa nne mfululizo. Geji ilisimama kwenye 84, ikasogea hadi 87 mchana jua lilipokuwa kali, ikakaa hapo. Nilishika tangi la juu kwa kitambaa, halafu la chini, tofauti unaihisi mkononi. Nilibaki pale kwa muda nikiisikiliza tu.

Fundi, dada, Baharia, Mkulima, na kijana wa Kariobangi pia: ahsanteni sana.

Mama Kisima

Nimefurahi mno. Kava usiifunge kwa riveti. Iwe ya boliti nne, ufungue kila mwezi, upulize kutoka nje kuelekea ndani, polepole usipinde mapezi.

Randa na Msumeno

Ni boliti, dada. Nimezipaka grisi.

Mgeni wa Dandora

Samahani kuingilia uzi. Nina kompresa ya kuvunjia mawe yenye Perkins 6.354, silinda sita. Rejeta imekufa na kuna mtu anakuja kesho asubuhi kuinunua kwa kilo. Yangu nayo inaweza kufungwa kori hivi?

Fundi wa Risasi

Mpigie simu sasa hivi asije. Kisha kwaruza rangi kwenye tangi la juu utuambie ni rangi gani chini yake.

Randa na Msumeno

Na kile kipande cha plaiwudi bado ninacho. Nimeacha upande wa pili mtupu, pita uchukue.